Mpiga picha wa kujitegemea: jinsi ya kujitangaza na kupata wateja, hatua kwa hatua

Kuna wapiga picha wazuri sana ambao simu yao hailii. Ukifungua kazi zao unakuta mwanga umekaa, rangi zimetulia, watu kwenye picha wanaonekana wako hai kabisa, ila mwezi unapita kazi ni moja au hamna. Na pembeni yao yupo mwingine ambae kwa uwezo ni wa kawaida tu na kalenda yake imejaa mpaka anagawia wenzake. Nimekuwa nikiwalea wapiga picha wanaojitegemea kwa muda sasa na kitu ninachokiona kila mara ni hiki: mteja hachagui mpiga picha bora kuliko wote, hana hata namna ya kumjua ni nani, anachagua yule anaemkumbuka siku ile uhitaji umemfika na ambae hana wasiwasi nae. Kwahiyo kujitangaza ni mambo mawili tu, ukumbukwe na uaminike, na yote nitakayoandika hapa chini ni njia za kufika hapo.

Ile kauli ya "kazi nzuri inajiuza yenyewe" naomba uiweke pembeni kabisa. Vivian Maier alipiga picha zaidi ya 100,000, nyingi mitaani Chicago na New York, huku riziki yake ikiwa ni kulea watoto wa watu, na leo picha zake zinaoneshwa kwenye makumbusho, lakini watu walianza kuzijua baada ya masanduku yake kuuzwa kwenye mnada mwaka 2007, na yeye akafariki 2009 bila kuona chochote cha hayo. Yeye hakuwa anatafuta wateja. Wewe unatafuta.

Hatua ya 1: Amua unamhudumia nani

Usianze na logo, usianze na Instagram, na tafadhali usianze na kununua lenzi mpya. Anza na mteja.

Fikiria jinsi watu wanavyoulizana. Mtu anamuuliza rafiki yake "unamjua mpiga picha yoyote wa harusi?", na jina linalotoka ni la yule ambae kichwani mwa watu ameshikamana na harusi. Wewe unaepiga harusi, mahafali, bidhaa, nyumba, mikutano na mandhari, na unaposti vyote kwa mchanganyiko, unaweza ukawa unamzidi yule kwa kila kitu lakini jina lako haliji, kwasababu hujashikamana na kitu.

Kuna masoko mawili na tabia zake ni tofauti sana, hapa ndo wengi wanapochanganya mambo kwahiyo nitakaa kidogo.

La kwanza ni watu binafsi: harusi, ujauzito, watoto wachanga, familia, mahafali, sherehe. Huyu ananunua kwa moyo, pesa inatoka mfukoni mwake, anaamua haraka, anaangalia picha zako na anauliza marafiki. Ukimfurahisha atakusifia kwa kila mtu. Tatizo ni kwamba anakuhitaji mara moja, labda mara mbili maishani, kwahiyo kila mwezi unahitaji watu wapya, na hao wapya wanakuja zaidi kwa mdomo wa wale wa zamani kuliko kwa tangazo.

La pili ni biashara na taasisi: makampuni, mashirika, hoteli, mawakala wa nyumba, wauzaji wa bidhaa mtandaoni, shule. Anaekuajiri hapa anatumia pesa ya ofisi na ana bosi juu yake, na kitu anachokiogopa kuliko vyote ni kuonekana alichagua mtu wa hovyo. Haangalii sana kama wewe ni msanii, anaangalia kama utafika kwa wakati, kama utatoa invoisi inayoeleweka, kama picha zitakuja siku uliyosema. Anachelewa kuamua, anachelewa kulipa pia, sehemu nyingi ni siku 30 baada ya invoisi na kuna wanaokwenda mpaka 60, lakini akishakuzoea anarudi mwezi hadi mwezi na hatafuti mwingine, maana kutafuta mwingine ni usumbufu kwake.

Chagua mmoja awe ndo sura yako kwa miezi sita mbele. Kazi nyingine zikija zipige, pesa ni pesa, ila usizitangaze. Namna ya kuchagua: angalia unapiga nini vizuri bila kuteseka, angalia nani ana pesa ya kulipia hicho kitu, alafu angalia nani tayari una njia ya kumfikia. Hilo la tatu watu wanalidharau na ndo zito kuliko yote. Kama uliwahi kufanya kazi hotelini, unajua hoteli zinapanga bajeti lini, nani anaamua, wanakereka na nini. Hiyo ni faida ambayo mwenye kamera ya bei kubwa hana.

Ukishaamua, andika sentensi moja. Mfano: "Napiga picha za bidhaa kwa wauzaji wa mtandaoni, picha unazipata ndani ya siku tatu zikiwa tayari kupandishwa." Ina nani, ina nini, ina kwanini wewe. Hii ndo itakaa kwenye bio, kwenye barua pepe, na ndo utakayoitamka mtu akikuuliza unafanya nini.

Hatua ya 2: Tengeneza potifolio inayomjibu huyo mteja

Potifolio ni mkusanyiko wa kazi unazomuonesha mteja, na picha 15 hadi 20 zinatosha. Ukiweka 80 mteja ataziangalia sita za juu, na zile dhaifu ndo zitakazomtia wasiwasi, maana anajiuliza "je yangu itatoka kama hii?". Kanuni yangu ni kwamba picha ukiitetea kwa maelezo ("hapa mwanga ulikuwa mgumu sana") itoke.

Onesha kile unachotaka kuajiriwa nacho. Ukitaka harusi, usijaze picha za machweo. Na zaidi ya zile bora bora, weka kazi moja nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani harusi moja kuanzia maandalizi, sherehe, wazee, watoto, chakula, mpaka dansi la usiku kwenye ukumbi wenye mwanga mbaya. Wateja wenye uzoefu wanaomba hiyo kwasababu wanajua kila mtu anaweza kupata picha moja kali, wanachotaka kujua ni kama unaweza kushikilia masaa nane.

Huna kazi za kuonesha bado? Jipangie mwenyewe. Chukua bidhaa tatu zilizopo nyumbani kwako uzipige kama vile umelipwa, ikiwa mbele ya kitambaa au ukuta mweupe, na ikiwa inatumika, na kwa karibu. Omba kuwa msaidizi wa mpiga picha aliyekutangulia, beba mataa, ila mkubaliane mapema na kwa maandishi kama unaruhusiwa kutumia picha utakazopiga, wengine hawaruhusu na wana haki yao. Na ukipiga bure kwa ajili ya potifolio, wewe ndo umchague mtu, wewe ndo upange tarehe, na idadi ya picha iwe imeandikwa. Hapo ni mradi wako, sio kwamba umepewa kazi ukakosa malipo, na mtu mwenyewe anauona utofauti huo.

Mwisho wa hatua hii, usichague peke yako. Picha unaipenda kwasababu unakumbuka ulivyohangaika kuipata, mtazamaji hajui hayo. Mpe mtu ambae sio mpiga picha aondoe tano.

Hatua ya 3: Hakikisha unapatikana

Tovuti ya kurasa tatu nne inatosha: kazi, huduma na bei ya kuanzia, wewe ni nani, mawasiliano. Picha zipunguze kabla hujapandisha, upande mrefu pikseli 2048 na JPEG yenye rangi za sRGB (mpangilio wa rangi unaotumika kwenye skrini nyingi) inaonekana safi na ukurasa unafunguka hata kwenye intaneti dhaifu. Faili liite kwa maneno yanayoeleweka, sio DSC_4471 linalotolewa na kamera, kwasababu injini za utafutaji zinasoma maneno hayo.

Alafu fungua Google Business Profile, yaani ukurasa wa biashara yako ndani ya Google na ramani zake, ni bure, na hata kama huna ofisi unaweza ukaficha anwani ukaonesha maeneo unayohudumia tu. Hapo ndo tathmini za wateja zinakaa na mtu akitafuta mpiga picha kwenye ramani anaziona kabla hata hajaona picha zako. Kwenye Instagram, lile eneo la jina linatafutika, kwahiyo usiandike jina lako tupu, andika jina na unachopiga na eneo unalofanyia kazi. Kama wateja wako wanaongea kwa WhatsApp tumia WhatsApp Business, ina katalogi, majibu ya haraka na lebo za kupanga watu, na picha za mwisho usitume kama picha za kawaida kwasababu programu inazibana na ubora unapotea, tuma kama dokumenti au bora zaidi linki ya galari, yaani ukurasa wa mtandaoni wenye picha zake.

Jipime hivi: mpe mtu simu yake mwenyewe, mwambie jina la biashara yako tu, mwambie atafute unapiga nini, unaanzia bei gani na anakupataje. Mtazame bila kumsaidia. Akikwama mahali, hapo ndo wateja nao wanakwama na wao hawakuambii, wanaenda kwa mwingine.

Hatua ya 4: Anza na watu wanaokujua, na watu wanaofanya kazi pembeni yako

Kazi za kwanza karibu siku zote zinatoka kwa watu wanaokujua. Andika orodha ya kila mtu, ndugu, uliosoma nao, uliofanya nao kazi, majirani, watu wa ibada, wateja wa zamani hata kama ulimpigia picha mbili. Mtumie kila mmoja ujumbe wake mwenyewe, sio tangazo moja kwa wote. Na usimuombe kazi. Muombe akutajie mtu. "Saa hizi napiga picha za familia, ukimsikia mtu anaulizia naomba unitaje" ni ombi jepesi, halimbani, na linamuachia sentensi ya kukumbuka.

Sasa hapa kwa watu wa kazi za pembeni ndo pa dhahabu kwa anaepiga sherehe. Mpambaji, MC, mpishi, mwenye ukumbi, msusi, mtu wa mekapu, mshonaji, wote hao wanaongea na mteja wako kabla yako au baada yako, na wote wana shida moja: wanafanya kazi nzuri inayoharibika usiku ule ule na hawana picha nzuri za kuionesha. Ukimaliza harusi, ndani ya wiki moja, baada ya bibi na bwana harusi kukubali na kupata zao kwanza, chagua picha kama nane za mapambo tupu, meza kabla watu hawajakaa, ua lililopo kwenye kona, taa, ukumbi mzima kutoka mlangoni. Mtumie mpambaji galari fupi na maneno mawili matatu: hizi ni za kazi yako ya Jumamosi, tumia bure, naomba tu unitaje. Utaona kitakachotokea. Ataziposti, atakutaja, na bibi harusi ajae akimuuliza "unamjua mpiga picha?" hatakwenda kutafuta. Wengi hawafanyi hivi kwasababu wanaona wanagawa picha bure, lakini hizo picha zingelala tu kwenye kompyuta, na hela ya tangazo la kulipia isingekuletea mtu anaekuja akiwa ameshakuamini.

Kitu hicho hicho kwa biashara: msanifu majengo, fundi wa mapambo ya ndani na wakala wa nyumba wote wanahitaji picha za jengo lile lile. Ukipiga kwa mmoja, kwa mujibu wa makubaliano yenu, wengine wawili unaweza kuwauzia leseni ya kutumia picha zilizopo tayari.

Hatua ya 5: Wafuate wateja ambao hawakujui

Hii ndo inayoogopesha na ndo inayotenganisha anaesubiri na anaefanya biashara. Tafuta biashara 30 zinazofanana na mteja uliyemchagua. Angalia picha wanazotumia sasa. Zile ambazo picha zao ni nzuri tayari zinajua thamani ya picha, usizifute, zile ambazo picha zao ni mbovu lakini biashara inakwenda ndo uanze nazo. Tafuta jina la anaeamua, mara nyingi ni mtu wa masoko au mwenye mali mwenyewe, maana ujumbe unaokwenda kwenye anwani ya jumla unasomwa na mtu asiekuwa na mamlaka ya kusema ndio.

Ujumbe ninaouona kila siku ni huu: "Habari, mimi ni mpiga picha, napiga picha za aina zote kwa bei nafuu, karibuni sana." Huu hauna kosa la adabu, ila haumuhusu anaeupokea. Ungeweza kwenda kwa mtu yoyote, kwahiyo hakuna anaejibu. Linganisha na huu:

"Habari za kazi. Napiga picha za vyumba na majengo kwa ajili ya hoteli. Nimeangalia ukurasa wenu, vyumba vya ghorofa ya juu vina madirisha makubwa sana lakini picha zilizopo ni za usiku, mandhari ya nje haionekani. Nimeambatanisha picha 3 za vyumba nilivyopiga asubuhi ili muone inavyokuwa. Kama mnafikiria kubadilisha picha kabla ya msimu ujao, naweza kupita dakika 20 niangalie na niwape makadirio ya muda na gharama. Alhamisi au Ijumaa, ipi inawafaa?"

Angalia kilichofanyika. Umeonesha umewaangalia wao. Umetaja kitu kimoja kinachowapunguzia wageni bila kuwatukana (usiseme "picha zenu ni mbaya", kuna uwezekano anaesoma ndo aliyezipiga). Umeonesha ushahidi mdogo, picha tatu, sio linki ya 200. Na umemaliza na swali linalojibika kwa neno moja.

Wengi hawatajibu, na kutojibu sio kukataliwa, mtu alikuwa kwenye kikao, akasahau. Baada ya siku tano hadi saba mkumbushe kwa mistari miwili. Kimya tena, subiri kama mwezi, rudi na kitu kipya, kazi mpya uliyopiga inayofanana na yao. Baada ya hapo mara moja kila miezi mitatu inatosha. Akisema hapana, mshukuru, muulize kama kuna wakati mwingine wa mwaka wanaopanga mambo haya, andika jibu lake, usimsumbue tena kabla ya wakati huo.

Na yote haya yaweke kwenye jedwali, hata la kawaida kabisa la kompyuta: jina, biashara, nani anaamua, tarehe ya mwisho kuwasiliana, alisema nini, hatua inayofuata na tarehe yake. Hiyo safu ya mwisho ndo ya muhimu. Ukiwa huna tarehe ya hatua inayofuata, ujue huyo mtu umeshampoteza.

Hatua ya 6: Panga bei kabla hujaulizwa

Ukipanga bei simu ikiwa sikioni utapanga kwa woga. Kaa chini, piga hesabu. Tuseme, kwa fedha yoyote unayotumia, unahitaji 1,000 kwa mwezi kuishi na biashara yenyewe inakula 500: usafiri, intaneti, programu ya kueditia, bima, matengenezo, akiba ya kubadilisha kamera ikichoka, kodi. Jumla 1,500. Siku zinazolipwa kwa mwezi sio 30, wala 20, maana kuna kuediti, kuna kutafuta wateja, kuna vikao, kuna siku hamna kitu. Kwa anaeanza weka 6. Gawanya, ni 250 kwa siku. Hiyo ndo sakafu, chini ya hapo unalipia kazi ya mtu kutoka mfukoni mwako. Alafu kumbuka siku moja ya harusi nyuma yake kuna kukutana nao, kukagua ukumbi, kuchuja picha elfu mbili, kuediti, galari, albamu, kwahiyo mara nyingi sio siku moja, ni tatu au nne, bei ifuate hizo.

Mteja akisema ni ghali, usipunguze bei kwa kazi ile ile. Punguza kazi. "Kwa bajeti hiyo naweza kukupa masaa manne badala ya nane na picha 150, albamu tutaiacha." Hapo heshima ya bei inabaki na yeye anachagua. Ukishusha tu bila kutoa kitu, amejifunza kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya kubahatisha, na atamwambia na rafiki yake aombe punguzo hilo hilo.

Bei ya kuanzia iweke hadharani. Najua kuna wanaopinga, wanasema wapinzani wataiona, lakini mteja asiejua bei wengi wao hawaulizi, wanaondoka kimya kimya.

Hatua ya 7: Kuanzia anapouliza mpaka anapolipa

Jibu haraka, siku ile ile, hata kama ni kusema "nimepata ujumbe, nakujibu kamili saa kumi". Alafu usirushe bei mara moja, uliza kwanza: tarehe, mahali, watu wangapi, picha zitatumika wapi, na nini hataki kabisa kikosekane. Hilo swali la mwisho linafungua mazungumzo, mtu anakuambia kuhusu bibi yake anaekuja kutoka mbali au kuhusu mkurugenzi asiependa kupigwa upande wa kushoto, na akishakueleza hayo umekuwa mtu wake. Kisha mpe pendekezo la maandishi, ukurasa mmoja, lenye tarehe ya mwisho ya bei hiyo.

Mkataba ni lazima hata kwa rafiki, tena hasa kwa rafiki. Uwe na tarehe na masaa, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, malipo ya awali (wengi wanachukua kati ya theluthi na nusu) na kwamba tarehe haishikwi mpaka yaingie, nini kinatokea mtu akiahirisha au wewe ukiumwa, na nani anaruhusiwa kutumia picha wapi. Kama unapiga watoto, ruhusa ya mzazi ya kuposti iwe kwa maandishi.

Kuhusu haki: kwenye nchi zilizo ndani ya Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, na ni karibu dunia nzima, hakimiliki inazaliwa kazi inapoundwa bila kusajili popote, na mpiga picha anaejitegemea kwa kawaida ndo mwenye nayo isipokuwa ameisaini kwa mwingine, ila sheria za nchi zinatofautiana hasa kwa kazi za kuagizwa, kwahiyo soma ya kwako. Maana yake kwenye biashara ni kwamba huuzi picha, unauza ruhusa ya kuitumia. Picha ya bidhaa kwenye ukurasa wa duka kwa mwaka mmoja sio bei moja na picha hiyo hiyo kwenye mabango. Robert Capa, Henri Cartier-Bresson, George Rodger na David Seymour walianzisha Magnum Photos, ushirika wa wapiga picha, mwaka 1947 kwa sababu hii hii, wapiga picha wabaki na haki za picha zao badala ya kuziachia magazeti, wauze tena na tena. Usisaini kipengele cha "haki zote" bila kukisoma na bila bei yake.

Hatua ya 8: Baada ya kupiga ndo mauzo yanaanza upya

Ndani ya siku mbili mtumie picha tano za kuonja. Bado ana furaha, ataziposti, watu watauliza. Kabidhi siku uliyoahidi au kabla, na kama utachelewa sema kabla ya siku yenyewe, sio baada ya yeye kuuliza. Nakala za kazi zikae tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe mbali na nyumbani au mtandaoni, maana ukipoteza picha za harusi ya mtu hakuna tangazo litakalokusafisha.

Tathmini iombe siku anayokuandikia "jamani picha nimezipenda", sio mwezi baadae. Mtumie linki moja kwa moja, na muombe ataje alikuwa na wasiwasi gani mwanzoni na ilikuwaje. Tathmini ya hivo inamsaidia msomaji kuliko "huduma nzuri". Kisha weka kwenye kalenda yako kumbukumbu yake, mwaka wa ndoa, mtoto akitimiza mwaka, hoteli ikikarabati, umsalimie siku hiyo. Salamu ya kweli, bila tangazo.

Mitandao ya kijamii nimeiacha huku mwisho makusudi. Inasaidia, ila kazi yake kubwa ni kuthibitisha kwa mtu aliyekusikia mahali pengine kwamba upo hai na unafanya kazi. Posti mbili tatu kwa wiki zinatosha, kapsheni ielezee tatizo la mteja na ulivyolitatua badala ya kutaja lenzi, na wafuasi wawe watu wanaoweza kukuajiri. Ukijikuta wote wanaokukomenti ni wapiga picha wenzako, ujue unaongea na watu wasio sahihi.

Kama wewe ndo unamlea mwenzako

Mkikutana, usianze na picha zake. Najua ndo anachotaka, amekuja na flashi ya kompyuta imejaa picha. Fungueni kwanza lile jedwali: wiki hii umemuandikia nani, nani alijibu, nani tarehe yake imepita hujamkumbusha. Akikuonesha jedwali tupu usimgombeze, kaeni pale pale aandike ujumbe mmoja mbele yako na autume kabla hamjaagana, kwasababu mara nyingi kinachomzuia ni aibu, na aibu inapungua kwa kutuma, haipungui kwa ushauri. Fanyeni mazoezi ya kutaja bei kwa sauti, wewe uwe mteja mgumu, akishataja anyamaze, asijieleze. Mpe kazi ndogo ambayo wewe huna nafasi nayo, ila umtambulishe kwa mteja kwa jina na umwambie mteja bei kamili, usimuuze kama mtu wa bei rahisi. Na akileta mkataba wake wa kwanza wa bei hiyo kamili, usomeni mstari kwa mstari kabla hajautuma, muanze na kile kipengele cha nani anatumia picha wapi na kwa muda gani.